Aliyefunga Ndiye Anayefungua

Siku hizi mtu akitaka kukunyamazisha haji na rungu. Huja na kadi nene yenye ukingo wa dhahabu, akabisha hodi kwa adabu, akavua viatu mlangoni hata kama sakafu yako ni saruji tupu yenye nyufa. Hivyo ndivyo alivyokuja Katibu wa Klabu ya Hisani nyumbani kwa fundi wa lifti, Jumanne moja saa kumi jioni. Mke wa fundi ndiyo kwanza alikuwa amerudi kwa dobi, anakopiga pasi toka asubuhi, na alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa akisugua nyayo zake. Mama yake mzazi alijinyoosha kwenye kochi, magoti yamezungushiwa vitambaa vya maji moto. Fundi mwenyewe alikuwa anamenya viazi, kazi aliyoizoea tangu aanze kushinda nyumbani.

Mke aliinuka akafuta kiti ambacho hakikuwa na vumbi. Katibu alikuwa daktari wa meno, na alicheka kama mtu anayetangaza biashara yake. Alimwamkia mama mkwe, akaitikiwa marahaba, kisha akaisoma kadi akiwa amesimama. Klabu yao, katika mkutano wake mkuu wa kila mwaka, humtuza mtu mmoja aliyeonyesha uadilifu katika kazi yake. Mwaka huu wamemchagua fundi.

"Kwa lipi?" fundi aliuliza, kisu mkononi.

"Kwa kuifunga ile lifti, bwana. Ulisimama kidete. Watu wa namna yako wamebaki wachache."

"Ndiyo hiyo hiyo niliyofukuziwa kazi."

"Hukufukuzwa, fundi. Umepumzishwa."

"Wiki ya saba hii, baba," mama mkwe alisema kutoka kwenye kochi. "Hata mzazi hutoka ndani siku ya arobaini."

Katibu alicheka tena, meno yote. Kisha akaeleza utaratibu. Klabu yao ina desturi yake: mtu hapewi tuzo mikono mitupu. Kwanza hufanya mbele ya wanachama tendo moja dogo la kazi yake. Mwaka juzi mwalimu aliwafundisha hesabu ya sehemu, wakacheka kukumbuka viboko vya utotoni. Mwaka jana muuguzi alimpima Mwenyekiti presha. Ni jambo dogo tu, la kuchangamsha ukumbi. Na kwa kuwa mkutano wa mwaka huu utafanyika ghorofa ya sita ya jengo lile lile lenye lifti hiyo, kamati imeona fundi aifungue lifti.

"Ufungue kufuli lako, utie saini daftarini, basi. Tutapanda kwa miguu, tushuke kwa lifti. Itapendeza sana kwenye picha. Na uje na ovaroli."

Fundi aliweka kisu chini. "Kamba zimebadilishwa?"

"Hayo sasa ni mambo ya Mwenye Jengo."

"Mnanisifu kwa kufunga, halafu sifa yenyewe ni kufungua?"

"Kila jambo na wakati wake. Ulifunga kwa uadilifu, utafungua kwa uadilifu." Katibu aliinama, akashusha sauti kana kwamba viazi vilikuwa na masikio. "Mkurugenzi wa kampuni yenu naye ni mwanachama. Jumatatu unarudi kazini. Na wiki zako zote saba zitahesabiwa kama likizo. Uje na mama watoto."

"Na mimi?" aliuliza mama mkwe.

"Ah, mama, zile ngazi..."

"Kumbe mnajua kuna ngazi."

*

Anayetaka kujua kwa nini klabu nzima ya watu wenye tai ilimhitaji mtu mmoja mwenye ovaroli, sababu ni hii. Katika kazi ya lifti kuna sheria ambayo haina mjomba: aliyefunga ndiye anayefungua. Fundi akiona hatari, huzima umeme, hutia kufuli lake mwenyewe, na huandika daftarini tarehe, sababu na jina. Kufuli hilo halifunguliwi na bosi wala mwenye mali. Mwingine akilikata, kampuni ya bima inajitoa, na mwenye jengo anabaki uchi siku balaa likitokea. Fundi angeweza kufukuzwa, ndiyo, lakini gazeti moja lilikuwa limeandika habari fupi kuhusu ile lifti, na kumfukuza wakati ule kungezua maswali. Panya mwenye akili huuma huku anapuliza. Walishamaliza kuuma, sasa walikuwa wanapuliza.

Mke wa fundi hakuwa na habari na bima. Alichojua ni kwamba wiki saba amekuwa akibeba nyumba peke yake kwa mshahara wa kupiga pasi.

"Utaifungua?" aliuliza baada ya mgeni kuondoka.

"Kamba ni zile zile."

"Sikukuuliza kamba. Nimekuuliza wewe."

"Nyuzi zimekatika, mke wangu. Kamba ya lifti ni nyuzi nyembamba za chuma zimesokotwa pamoja. Zikikatika chache unavumilia. Zikizidi idadi, unafunga. Zilizidi mara mbili."

"Na itaanguka lini?"

Fundi angekuwa mwongo angesema kesho. "Sijui," alisema. "Labda itabeba watu mwaka mzima. Labda siku hiyo hiyo nikiifungua."

"Kwa hiyo sisi tunakula viazi kwa sababu ya labda."

"Usimseme mumeo hivyo," mama mkwe alisema, ingawa yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa akimsema toka mwezi uliopita. "Lakini na wewe, mkwe, kilemba cha ukoka ukivikwa, kivae. Kikikauka utakitupa. Kwanza urudi kazini."

*

Alhamisi ilikuwa siku ya kliniki. Kliniki ya presha na sukari ilikuwa ghorofa ya nne katika jengo hilo hilo, na kila Alhamisi wazee wa mtaa mzima walipanda ngazi kama mahabusu wanaopelekwa kujibu mashtaka. Mke wa fundi aliomba ruhusa ya saa mbili kwa dobi akampeleka mama yake. Walipumzika ghorofa ya kwanza. Walipumzika tena katikati ya ghorofa ya kwanza na ya pili. Ukutani palikuwa na bango la mkutano wa klabu, limeandikwa kwa herufi kubwa: UADILIFU KAZINI.

Ghorofa ya pili walimkuta mama mmoja mnene ameketi kwenye ngazi, akijipepea na kadi yake ya kliniki. "Mwenyewe aliyefunga hii lifti," alisema bila kuulizwa, "Mungu ampe magoti yangu."

"Wanasema alinyimwa chai na mwenye jengo," alisema mzee aliyekuwa nyuma yao. "Ndipo akafunga kwa hasira."

"Njaa hiyo. Mtu na njaa zake anatuua sisi."

Mke wa fundi alitazama viatu vyake. Mama yake alivuta pumzi mbili, tatu, kisha naye akatia lake, maana kukaa kimya katikati ya watu wanaolalamika ni kama kujitangaza. "Fundi gani huyo," alisema. "Hana hata mkwe wa kumuonea huruma?" Wote wakacheka. Binti yake hakujua acheke au alie.

Mara zikasikika sauti za watu wanaosema "tupishe, tupishe". Vijana wawili walikuwa wamembeba mzee juu ya kiti cha plastiki, mmoja mbele mmoja nyuma. Mzee alikuwa amevaa koti na kofia, amenyooka, anatazama mbele kwa aibu ya mtu mzima anayebebwa kama gunia. Kofia ilimdondoka. Mke wa fundi aliiokota, akamvisha, na mzee akasema "ahsante mwanangu" bila kumwangalia.

Usiku wa kuamkia Ijumaa aliyasema yote hayo, mpaka ya kofia. "Hao nao ni watu," alimwambia mumewe. "Unawalinda wasianguke, huku unawaua kwenye ngazi."

"Aliyewaweka kwenye ngazi ni mimi, au ni yule asiyetaka kununua kamba?"

"Yeye hatumjui. Wewe tunakujua. Tunalala na wewe."

Kilichomuuma fundi ni kwamba mkewe hakuwa amekosea. Mwenye Jengo alijenga mambo yake vizuri: akakataa kununua kamba, akakaa pembeni, akaacha wagonjwa wamtafune fundi badala yake. Na watu, kama ilivyo kawaida yao, walimtafuna aliye karibu na meno.

*

Jumamosi mchana ukumbi wa ghorofa ya sita ulijaa waheshimiwa waliolowa jasho. Mawakili, madaktari, wahasibu, mkurugenzi wa hiki na mkurugenzi wa kile, wote walifika juu wakihema na kujipongeza kama waliopanda mlima. Meza zilifunikwa vitambaa vyeupe. Mke wa fundi alivitambua mara moja, alikuwa amevipiga pasi mwenyewe siku mbili nzima, pamoja na vitambaa vidogo vya mkononi mia mbili vilivyokunjwa pembetatu.

Yeye na mumewe walipewa viti karibu na mlango wa jikoni. Kabla hawajaketi vizuri, mwanachama mmoja alimgusa fundi begani. "Wewe wa ovaroli, choo kilichoziba ni upande ule." Fundi akamwambia kuwa yeye ndiye mgeni wa heshima. Yule bwana akasema "oh", akaenda zake bila hata pole.

Mwenyekiti, jaji mstaafu mwenye sauti nzito, aliwasimamisha wote waseme kiapo chao, mkono kifuani: "Kazi yangu ni amana. Sitaweka jina langu pale ambapo dhamiri yangu haipo." Walikisema kwa pamoja, kwa sauti nzuri, wengine wamefumba macho. Mkurugenzi wa kampuni ya lifti alikuwa mmoja wa waliofumba.

Kisha alisimama Mwenye Jengo. Alikuwa mtu mwembamba, mpole, ndiye aliyegharamia chakula cha siku hiyo. "Mimi ndiye niliyeumizwa na kufuli la huyu bwana," alisema, na watu wakacheka. "Lakini nampenda. Nasema mbele yenu, mafundi kama hawa ndio tunaowataka."

Wakapiga makofi. Mwenyekiti alishika kibao cha mbao chenye bati linalong'aa, jina la fundi limechongwa juu yake. Daftari la lifti lilikuwa tayari juu ya meza, limefunguliwa kwenye ukurasa, kalamu juu yake. "Sasa, fundi, tendo la kazi."

Fundi alichukua kitambaa kimoja cha mkononi kutoka mezani kwake, akakikunjua. "Tendo la kazi yangu haliko kwenye daftari," alisema. "Liko juu. Anayetaka kuliona anifuate."

Hilo halikuwa kwenye ratiba, lakini mpiga picha alishatangulia. Walipanda ngazi nyembamba ya chuma hadi chumba cha mashine: Mwenyekiti, Katibu, Mwenye Jengo, na mke wa fundi ambaye hakualikwa ila hakuna aliyethubutu kumzuia. Chumba kilikuwa kidogo, kina harufu ya grisi. Kufuli la fundi lilikuwa bado kwenye swichi, na kibandiko chenye jina lake kimeanza kufifia.

"Hivi ndivyo tunavyokagua," alisema. Alikizungusha kitambaa kwenye kamba moja, akakishika taratibu, akakivuta kuelekea chini mkono mzima. Kilipita vizuri kidogo, kikanasa. Akakivuta, kikachanika, kikapita, kikanasa tena. Alipokitoa kilikuwa kimebaki matambara, na nyuzi fupi za chuma zimesimama kwenye kamba kama ndevu za siku tatu. "Hii ni moja. Ziko nne. Sihitaji kipimo kingine, na nyinyi hamhitaji."

Mke wa fundi alikichukua kile kitambaa. Alikijua: pamba nzito, haichaniki hata ikivutwa na watu wawili. Kwa wiki saba alikuwa amesikia neno "nyuzi" kama mtu anavyosikia kisingizio cha mwanamume. Sasa alikuwa amelishika mkononi, na aliona haya, kisha haya ikageuka hasira, na hasira yenyewe haikuwa tena kwa mumewe.

Waliporudi ukumbini Mwenyekiti alijaribu kupooza mambo. "Tumeona, tumejifunza. Bila shaka Mwenye Jengo atalishughulikia jambo hili kwa wakati wake. Kwa leo, fundi, ni saini tu, ni ishara."

Kabla fundi hajajibu, mkewe akasema, "Naomba kuuliza, mheshimiwa."

Watu wakageuka. Hawakuzoea kuulizwa na mtu wa meza ya jikoni.

"Mume wangu akitia saini hapo, nani anashuka wa kwanza?"

Mwenyekiti alimtazama Katibu, Katibu akamtazama Mkurugenzi. Mkurugenzi alikuwa anatafuta kitu mfukoni.

"Nauliza tu nijue. Mnataka jina lake. Na mimi nataka jina la mtu atakayeingia. Baba, wewe ndiye mwenye lifti. Utaingia?"

Mwenye Jengo alitabasamu kwa upole wake ule ule. "Mama, mimi daktari wangu ameniambia nitembee sana."

Watu walicheka, kicheko cha kumwokoa mwenzao. Mke wa fundi hakucheka. Alikitandaza kile kitambaa kilichochanika juu ya daftari, akakaa.

"Basi jibu limepatikana," fundi alisema. "Tendo la kazi yangu nimelimaliza. Siweki saini."

"Halijakamilika," Mwenyekiti alisema, na upole ulikuwa umemtoka. "Kwa katiba ya klabu yetu, tuzo hutolewa baada ya tendo kukamilika."

"Limekamilika, mheshimiwa. Hukulipenda tu."

Walinong'onezana mezani kwa dakika mbili. Kisha Katibu alitangaza, akicheka kwa meno machache kuliko siku zote, kwamba tuzo ya fundi imeahirishwa, na kwamba kamati imeona vema mwaka huu imtambue Mwenye Jengo kwa uvumilivu wake. Akapewa kile kile kibao, kidole gumba cha Mwenyekiti kikiwa kimefunika jina lililochongwa. Makofi yalipigwa, mazuri tu. Na mkutano ulipokwisha, watu wale wote waliokula kiapo waliteremka ghorofa sita kwa miguu, wakishikilia vyuma vya ngazi, na hata mmoja wao hakuuliza habari za lifti.

*

Jumatatu fundi aliletewa barua. Ilisema kwamba ameonyesha kiburi hadharani na kuidhalilisha kampuni, hivyo ajira yake imekoma. Sheria ya kufuli ina mlango mmoja wa nyuma: fundi aliyefunga akifa au akiacha kazi, kampuni inaweza kumteua mwingine. Jumanne waliandika daftarini "ameacha kazi". Jumatano kijana mgeni, aliyepata ajira wiki ile ile na mwenye mke mjamzito, alikata kufuli na kutia saini bila kupanda chumba cha mashine. Kamba zilikuwa ni zile zile.

Fundi aliandika barua kwa bima na kwa ofisi ya ukaguzi. Alipewa nambari ya kumbukumbu, akaambiwa asubiri.

Alhamisi mama mkwe alikwenda kliniki peke yake, maana binti yake alikuwa amekwisha kuonywa kwa dobi kuhusu ruhusa, na pia kuhusu kitambaa. Mama mkwe alikuwa amesimuliwa kila kitu, kuanzia kitambaa hadi kufuli lililokatwa. Chini ya jengo alikuta foleni yenye furaha. Lifti ilikuwa inapanda na kushuka, taa yake inawaka, na yule mama mnene wa ghorofa ya pili alikuwa ndani, na mzee wa kofia, naye kiti chake cha plastiki hakipo, ameshikwa mkono tu. Kulikuwa pia na mwanamke mwenye mtoto mgongoni.

"Ingia, bibi, nafasi ipo," mama mnene alisema. "Wamempata fundi mwenye akili."

"Shukeni," mama mkwe alisema. "Nawaomba. Mama mwenye mtoto, shuka. Kamba zake mbovu. Nakwambia kitu ninachokijua."

Mwanamke alimtazama, akawatazama wenzake. Mtu mmoja akasema wazee wengine wanaogopa hata redio. Wakacheka, mlango ukajifunga. Mama mkwe alisimama pale akizifuata kwa macho zile namba ndogo juu ya mlango, moja, mbili, tatu, akiwaombea watu waliomcheka. Ilifika. Siku hiyo ilifika, na iliyofuata pia, na kila ilipofika ilikuwa ni ushahidi mwingine kwamba fundi alikuwa mchawi wa maskini wenzake.

Mama mkwe, Alhamisi hiyo, alipanda kwa miguu. Ghorofa ya tatu alikaa chini kabisa, watu wakampita wakidhani anaomba. Alipofika ya nne zamu yake ilikuwa imeshapita, na muuguzi aliyempima alikunja uso kwa namba alizoziona.

"Bibi, presha yako iko juu sana. Umepanda ngazi? Kwa nini? Si lifti imefunguliwa?"

Mama mkwe alingoja pumzi irudi.

"Mkwe wangu hajaifungua," alisema.